Limfoma Inaporejea: Mchanganyiko wa Dawa na Kumbukumbu Zake

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mgonjwa aliyewahi kutibiwa limfoma, akapata nafuu, kisha akaambiwa kuwa ugonjwa umerejea. Limeandaliwa pia kwa ndugu wanaomuuguza, kwa kuwa aghalabu wao ndio wanaotumwa duka la dawa, ndio wanaobeba mafaili, na ndio wanaokumbuka tarehe pale mgonjwa mwenyewe anapokuwa amechoka. Somo halichukui nafasi ya daktari. Kusudi lake ni kumwezesha msomaji aelewe kwa nini daktari wa saratani, kabla ya kuandika dawa mpya, huanza kwa swali ambalo wengi hawana jibu lake: mara ya kwanza ulipewa dawa gani, kwa kiasi gani, na ulimaliza lini?

Ugonjwa na kurejea kwake

Limfoma ni saratani inayoanzia katika chembechembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi, ambazo ni sehemu ya kinga ya mwili. Kwa kuwa chembechembe hizo hukaa zaidi katika tezi, dalili ya mwanzo mara nyingi huwa ni uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kwenye kinena, pamoja na homa zisizoeleweka, kutokwa jasho jingi usiku na kupungua uzito. Aina zake ni nyingi. Ipo limfoma ya Hodgkin, iliyopewa jina la daktari Mwingereza Thomas Hodgkin aliyeieleza mwaka 1832, na yapo makundi mengine mengi yasiyo ya Hodgkin, ikiwemo limfoma ya Burkitt, ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala.

Ugonjwa huhesabiwa kuwa umerejea pale ulipokuwa umetoweka kwa vipimo, kisha ukaonekana tena. Hali hiyo ni tofauti na ile ya ugonjwa ambao haukupungua tangu dawa zilipoanza. Jambo la kwanza ambalo mgonjwa anapaswa kulitarajia ni kuchukuliwa tena kinyama cha tezi, hata kama jibu la mwaka juzi lilikuwa wazi. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa usumbufu na gharama isiyo ya lazima. Si hivyo. Kifua kikuu cha tezi huvimbisha shingo na kuleta homa na jasho la usiku vilevile, na limfoma yenyewe inaweza kurudi ikiwa imebadilika sura. Dawa kali za duru ya pili hazipaswi kuanzishwa kwa kukisia.

Kwa nini dawa nyingi kwa pamoja

Hapo zamani saratani hizi zilitibiwa kwa dawa moja moja. Uvimbe ulinywea, familia ikafurahi, na baada ya miezi michache uvimbe ukarudi ukiwa hausikii tena dawa ileile. Katikati ya miaka ya 1960, madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, akiwemo Vincent DeVita, walijaribu kuwapa wagonjwa wa Hodgkin dawa nne kwa mpangilio mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970 yalionyesha kuwa kati ya wagonjwa 43, ugonjwa ulitoweka kabisa kwa wagonjwa 35. Tangu hapo mchanganyiko ndio uliokuwa msingi wa tiba ya limfoma.

Hoja yake inaeleweka kwa urahisi. Kila dawa hushambulia seli mahali pake: siklofosfamidi huharibu vinasaba vya seli, vinkristini huzuia nyuzi zinazoivuta seli igawanyike, doksorubisini huzuia vinasaba visinakiliwe, na prednisoloni huzifanya limfositi zijife zenyewe. Seli iliyonusurika kwa dawa ya kwanza hukutana na ya pili, na ya tatu. Aidha, dawa huchaguliwa ili maudhi yake yasiangukie kiungo kimoja. Moja ikigusa moyo, nyingine hugusa mishipa ya fahamu, ili kila moja ipewe kwa kiasi chenye nguvu. Kwa sababu hiyo mchanganyiko ni tiba moja yenye sehemu kadhaa, na atoaye sehemu moja ameibadilisha tiba yote.

Herufi ambazo mgonjwa huziona kwenye faili, kama CHOP, ABVD, ICE, DHAP au GDP, ni vifupisho vya majina ya dawa hizo. Baadhi yake vinachanganya: katika CHOP, herufi H ni doksorubisini kwa jina lake la zamani, na O ni jina la kibiashara la vinkristini. Msomaji asijilaumu kwa kutoyaelewa. Anachotakiwa ni kuyanakili. Katika somo hili majina ya dawa yameandikwa kwa matamshi ya Kiswahili, bali kwenye kichupa yameandikwa kwa tahajia ya kigeni. Katika daftari lako, andika yale yaliyo kwenye kichupa, herufi kwa herufi.

Duru ya pili si marudio ya duru ya kwanza

Ugonjwa unaporejea, seli zilizosalia ni zile zilizokwisha kuonja dawa za mwanzo zikaokoka. Ndiyo maana daktari huchagua mchanganyiko wenye dawa ambazo seli hizo hazijakutana nazo. ICE ina ifosfamidi, kaboplatini na etoposidi. DHAP ina deksamethasoni, sitarabini kwa kiasi kikubwa, na sisplatini. GDP ina jemsitabini, deksamethasoni na sisplatini. Kwa limfoma za aina fulani huongezwa rituksimabu.

Ni upi ulio bora? Swali hili limechunguzwa kwa uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha ICE na DHAP, zote zikiwa na rituksimabu, kwa wagonjwa wa limfoma ya seli kubwa za B, na haukuona tofauti ya maana. Katika kila kundi, wagonjwa wapatao 63 kati ya 100 waliitikia dawa. Mwingine wa mwaka 2014 ulilinganisha GDP na DHAP, ukaona nguvu zinakaribiana lakini GDP ilileta madhara machache na ililaza wagonjwa wachache zaidi. Kwa hiyo mgonjwa asihuzunike kwamba jirani yake wodini anapewa mchanganyiko wenye jina tofauti. Figo zake, umri wake, umbali wa nyumbani kwake na dawa alizopewa zamani vinaweza kuwa na uzito kuliko tofauti ya herufi hizo.

Lenye uzito mkubwa ni muda. Katika kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, daktari John Ziegler na wenzake waliona kwamba watoto wa Burkitt ambao ugonjwa ulirudi mapema, ndani ya miezi mitatu hivi, waliitikia dawa kwa shida, ilhali waliorudiwa baadaye waliweza kupona tena. Kwa watu wazima wenye limfoma ya seli kubwa mpaka unaotazamwa zaidi ni miezi 12. Basi tarehe ya dripu ya mwisho, ambayo wengi huikumbuka kwa kusema “ilikuwa karibu na Ramadhani” au “kabla ya mavuno”, ni habari ya kitabibu yenye thamani ya kipimo cha maabara.

Kwa mgonjwa ambaye mwili wake unaweza kustahimili, mchanganyiko wa duru ya pili mara nyingi huwa ni hatua ya kwanza tu. Ugonjwa ukishapungua, seli shina za damu yake mwenyewe hukusanywa na kugandishwa, apewe dawa kwa kiasi kikubwa sana, kisha arudishiwe seli zake ili uboho uote upya. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1995 uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 109 walioitikia DHAP: baada ya miaka mitano, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 46 kwa waliofanyiwa hivyo, na asilimia 12 kwa walioendelea na dawa za kawaida peke yake. Tofauti hiyo ni kubwa, na haifai kufichwa kwa sababu tu huduma yenyewe ni ghali. Kwa wagonjwa wengi wa ukanda wetu bado humaanisha rufaa ya nje ya nchi, nayo haiwezekani kwa kila mtu. Ni haki ya mgonjwa kuuliza waziwazi: mchanganyiko huu unalenga kuniponya, kunitayarisha kwa hatua nyingine, au kunipunguzia makali na kunirefushia siku? Majibu yote matatu ni halali, ila maandalizi ya familia hutofautiana.

Dawa nyekundu na hesabu yake

Hapa ndipo kumbukumbu zinapookoa maisha. Doksorubisini ni ile dawa ya rangi nyekundu ambayo hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Inafanya kazi vizuri, lakini hudhoofisha misuli ya moyo, na udhaifu huo hujumlishwa katika maisha yote ya mtu. Haufutwi kwa kupumzika miaka mitano. Kikomo kinachofuatwa kwa kawaida ni kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, na huteremshwa kwa mtu aliyewahi kupigwa mionzi kifuani.

Tuchukue mfano. Katika CHOP, kiasi cha kawaida ni miligramu 50 kwa kila mita mraba, kila baada ya siku 21. Mtu mwenye eneo la mwili la mita mraba 1.7 hupewa miligramu 85 kila mzunguko. Akimaliza mizunguko 6 atakuwa amepokea miligramu 510 kwa jumla, yaani 300 kwa kila mita mraba. Amebakiwa na nafasi ndogo. Sasa fikiria kwamba anahamia mkoa mwingine, faili limebaki alikotoka, na cheti alicho nacho kimeandikwa “510” tu bila maelezo. Daktari asiyejua kama namba hiyo ni jumla ya miligramu au ni kiasi kwa kila mita mraba atafanya nini? Akiwa mwangalifu atamnyima dawa ambayo pengine ingemfaa. Asipokuwa mwangalifu atavuka kikomo, na moyo utaanza kushindwa kazi miezi au miaka baadaye, wakati limfoma yenyewe imekwisha kusahaulika.

Bleomisini, iliyomo katika ABVD, ina hesabu kama hiyo kwa upande wa mapafu. Zaidi ya hapo, aliyewahi kuipata anapaswa kumjulisha mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji wowote, hata wa ngiri au wa uzazi, kwa sababu hewa ya oksijeni kwa wingi inaweza kuyadhuru mapafu yake. Jambo hili mara nyingi halisemwi, kwa kuwa hakuna anayedhani saratani ya zamani ina uhusiano na upasuaji wa leo.

Kinachopaswa kuandikwa

Daftari la kawaida la shule linatosha. Ukurasa wa kwanza uwe na aina kamili ya limfoma kama ilivyoandikwa kwenye jibu la kinyama, tarehe ya jibu hilo, na namba yake ya maabara. Kisha kila siku ya dripu iandikwe: tarehe, uzito na urefu wa mgonjwa, jina la kila dawa, kiasi kilichotolewa kwa miligramu, na namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye kichupa. Mwombe muuguzi akusomee. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Dozi ikipunguzwa au ikiahirishwa kwa sababu damu ilikuwa chini, sababu hiyo iandikwe pia. Tiba inapokwisha, omba muhtasari wenye jumla ya doksorubisini na bleomisini, ukiwa na neno “kwa kila mita mraba” pale linapohusika. Picha ya kila ukurasa ibaki kwenye simu ya ndugu mmoja asiyekaa nyumba moja na mgonjwa, kwa sababu madaftari huloa na nyumba huungua.

Unaponunua sehemu ya mchanganyiko

Hutokea hospitali ikaishiwa na dawa moja kati ya tatu au nne, na ndugu akapewa karatasi akanunue nje. Katika hali hiyo mambo kadhaa huharibika, na Mamlaka ingependa yaeleweke vyema.

La kwanza ni kuchagua ndani ya karatasi. Fedha zikiwa hazitoshi, watu hununua “dawa yenyewe ya saratani” na kuacha zile zinazoonekana ndogo. Mesna ni mfano mbaya kuliko yote. Haiui saratani, kwa hiyo huonekana inaweza kusubiri. Lakini kazi yake ni kukilinda kibofu dhidi ya sumu inayotokana na ifosfamidi, na bila hiyo mgonjwa anaweza kukojoa damu kwa siku nyingi. Ifosfamidi isiyo na mesna isichomwe. Prednisoloni nayo hudharauliwa kwa sababu ni vidonge vya bei nafuu ambavyo kila mtu amevizoea kwa pumu. Katika CHOP ni miongoni mwa dawa zinazoua limfoma, na humezwa kwa siku tano kamili. Fedha zikipungua, rudi kwa daktari na umweleze kabla ya kununua chochote. Kuahirisha mzunguko kwa siku chache kwa mpango ni afadhali kuliko kuuanza ukiwa nusu.

La pili ni kubadilishiwa. Ipo doksorubisini ya kawaida, na ipo iliyofungwa ndani ya vijimfuko vidogo sana vya mafuta. Jina linafanana, dozi hazifanani, na moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine. Siklofosfamidi na ifosfamidi ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Mfamasia akisema “hii ni sawasawa tu”, mwombe aandike jina na nguvu ya dawa kwenye karatasi, kisha umpigie daktari kabla ya kulipa.

La tatu ni dawa bandia. Bei kubwa ya dawa za saratani huwavuta wahalifu. Mwaka 2012 Marekani iligundua vichupa bandia vya Avastin, dawa ya saratani nyingine, ambavyo havikuwa na dawa kabisa ndani yake. Na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Avastin bandia iliyopatikana Uganda. Mgonjwa hawezi kutambua kwa macho dripu isiyo na dawa. Ataambiwa limfoma imekuwa sugu, na mchanganyiko mzuri utaachwa bila kosa lake. Nunua kwenye famasi yenye kibali kilichobandikwa ukutani, dai risiti yenye jina la dawa na namba ya toleo, na usikubali kichupa kisicho na boksi lake. Rituksimabu huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 na haipaswi kugandishwa. Ikitolewa kwenye droo badala ya jokofu, usiinunue. Ibebe kwenye chombo chenye barafu, bila barafu kugusa boksi, na uifikishe hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya dripu

Kichefuchefu na kunyonyoka nywele huwatisha watu, lakini hatari halisi huja kimya kati ya siku ya 7 na ya 14, wakati chembechembe nyeupe zimeshuka kabisa. Kila nyumba yenye mgonjwa anayepewa dawa hizi inunue kipimajoto. Nyuzi 38 au zaidi ni dharura, iwe usiku wa manane au siku ya sikukuu. Mgonjwa anahitaji antibayotiki za mshipa ndani ya muda mfupi, na hapaswi kupewa panadoli ili “tuone asubuhi”. Malaria ipimwe, lakini kipimo chanya cha malaria kisiwe sababu ya kumrudisha nyumbani.

Kwa anayepewa sisplatini, figo na masikio ndivyo vya kulindwa. Maji mengi ya dripu huambatana nayo kwa sababu hiyo. Asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, na akipelekwa zahanati yenye homa, ndugu aonyeshe daftari kabla sindano ya jentamaisini haijachomwa, maana dawa hiyo hudhuru figo na masikio yaleyale. Dawa za mitishamba zitajwe kwa daktari bila kuona haya. Ni afadhali kukaripiwa kuliko kunyamaza. Ganzi ya vidole kutokana na vinkristini isemwe mapema, kabla mgonjwa hajashindwa kufunga vifungo vya shati.

Kuhusu vinkristini lipo jambo moja zaidi. Dawa hii huingizwa kwenye mshipa wa damu pekee. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2007 na kushauri itayarishwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano. Ikiwa mgonjwa wako amepangiwa sindano ya mgongo siku ileile anayopewa vinkristini, muulize muuguzi kwa adabu: hii ni dawa gani, na inaingia wapi? Muuguzi mzuri hatakasirika.

Endapo dripu imeleta jambo lisilotarajiwa, au dawa imebadilika rangi, ina chembe zinazoelea, au boksi na kichupa vina namba za toleo zisizolingana, usiruhusu itumike na usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, iweke mbali na watoto pamoja na risiti yake, na utoe taarifa kwa mfamasia wa hospitali au ofisi ya Mamlaka ya kanda. Fomu ya taarifa ya madhara haina malipo, na mgonjwa mwenyewe au ndugu yake anaruhusiwa kuijaza; namba ya toleo uliyoinakili kwenye daftari ndiyo itakayotuwezesha kuvifuata vichupa vingine vya toleo hilo kabla havijamfikia mgonjwa mwingine.